Nina Simone: siasa ndiyo iliyomvunja, au maradhi?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Tuliitazama dokumentari ya Nina Simone, yule mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, ile ya Liz Garbus ya 2015, tukiwa kundi sebuleni kwangu. Ilipoisha tukagawanyika. Wengine wanasema siasa ndiyo iliyomtia wazimu mama wa watu. Wengine wanasema wazimu ndio uliomtia kwenye siasa. Mimi nilibaki na langu: mume aliyekuwa akimpiga amepewaje nafasi kubwa ya kuongea, tena kwa utulivu, kama mtu asiye na neno? Wewe unayehariri filamu za aina hii, tumwamini nani?"

Dada, swali limefika. Nianze na ubishi wa sebuleni kwako, halafu nije kwa mume.

Pande zote mbili zimeiruka miaka, na filamu yenyewe imechangia. Inafungua na Montreux, Uswisi, mwaka 1976. Nina anaingia jukwaani, anainama, kisha anasimama akiwatazama watu, anawatazama tu, hadi wewe uliyekaa kwenye kochi unaanza kuona wasiwasi. Mhariri akishakuingiza kwa mlango huo, kila utakachokiona baadaye utakipima kwa wasiwasi uleule. Hasira ya 1963 itafanana na ukimya wa 1976. Ni uhariri wa hali ya juu, ningejivunia kama ungekuwa wangu, lakini unamfanya mtazamaji aone ugonjwa hata mahali ambapo bado haujafika.

Kwa hiyo tuipange miaka upya. Eunice Kathleen Waymon alizaliwa tarehe 21 Februari 1933 katika mji mdogo wa Tryon, North Carolina. Mama yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na riziki akiitafuta kwa kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Mtoto alianza kugusa piano kanisani akiwa bado mdogo sana, na kipaji kilipojulikana, watu wa mji wakachanga pesa asomeshwe. Mwalimu wake, Muriel Mazzanovich, alikuwa mama wa Kizungu aliyemtia mapenzi ya Bach, mtunzi wa Kijerumani wa muziki wa kiklasiki, mapenzi ambayo hayakumtoka maisha yake yote. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na kitu, wakamwandalia onyesho lake la kwanza mbele ya watu wa mji. Wazazi wake walikaa mbele. Wakatokea Wazungu, wazazi wakaambiwa wasogee nyuma. Mtoto akasema hapigi kinanda mpaka baba na mama warudishwe pale walipokuwa. Wakarudishwa, naye akapiga.

Tukio hilo linapita haraka kwenye filamu, lakini kwa ubishi wenu lina uzito kuliko yote. Binti yule hakuwa na mwanasiasa yeyote wa kumchochea, wala hakuna aliyewahi kudai kwamba alikuwa mgonjwa. Aliona wazazi wake wanadhalilishwa, akakataa. Aliyeimba "Mississippi Goddam", wimbo wake wa hasira dhidi ya ubaguzi, ni mtoto yuleyule aliyekua.

Mwaka 1951 aliomba nafasi katika chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, akakataliwa. Nia yake ilikuwa awe Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa mpiga piano wa muziki wa kiklasiki, na hadi anazeeka aliamini kwamba alinyimwa kwa rangi yake. Chuo hichohicho kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2003, siku mbili kabla hajafa. Sina la kuongeza hapo.

Jazz ilikuja kwa njaa. Mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano katika baa moja ya Atlantic City, na mwenye baa akamwambia aimbe pia, la sivyo kazi hana. Alijipa jina la Nina Simone ili mama yake mhubiri asijue kwamba binti anapiga muziki wa shetani kwenye kilabu cha pombe. Hakulipenda kamwe neno jazz, na muziki wake aliuita muziki wa kiklasiki wa watu weusi. Sikiliza "Love Me or Leave Me" kwenye albamu yake ya kwanza utaelewa: katikati ya wimbo wa kilabu, mkono wa kushoto na wa kulia vinaanza kufukuzana kwa mtindo wa Bach, kila mmoja na njia yake, na hakuna unaopotea. Kwa albamu hiyo alilipwa dola 3,000 na kuachia haki zake zote. Mwaka 1987 wimbo mmojawapo ulipotumika kutangaza manukato ya Chanel No. 5 na kuvuma upya Ulaya, pesa hazikwenda kwake.

Nimeyasema haya ili uone kwamba kabla hujafika kwenye siasa na kabla hujafika kwenye maradhi, tayari kuna mtu aliyekataliwa kazi aliyoisomea tangu utotoni, akawa anajikimu kwa kazi nyingine. Uchungu huo una anwani yake, na filamu inaonyesha vizuri kwamba ulimfuata hata alipofika Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa muziki wa New York, mwaka 1963. Alikuwa ameota kuingia humo na Bach. Aliingia, ila bila Bach.

Sasa siasa. Aliyemfundisha ni rafiki yake Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia, ambaye pia alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake Lisa. Nina ameeleza kwamba wakikutana hawakuwa wakipiga soga za wanaume na nguo. Walizungumza Marx, Lenin na mapinduzi. Langston Hughes alimwandikia mashairi ya kuimba. Mwandishi James Baldwin alikuwa rafiki. Kwa maneno mengine, mama huyu alipita darasani. Anayesema wazimu ndio uliomtia kwenye siasa awaondoe kwanza walimu hao.

Tarehe 12 Juni 1963 Medgar Evers, kiongozi wa haki za kiraia, alipigwa risasi nje ya nyumba yake huko Jackson, Mississippi. Tarehe 15 Septemba bomu likalipuliwa katika kanisa la Wabatisti la Mtaa wa 16, Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne siku ya Jumapili. Nina alisimulia kwamba jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kujitengenezea bunduki. Mumewe akamwambia hajui lolote kuhusu kuua, alichonacho ni muziki. Akakaa kwenye piano, na kwa muda usiofika saa moja "Mississippi Goddam" ukawa umekamilika.

Hapo ndipo nakuomba usimamishe filamu utafute rekodi ya Carnegie Hall ya 1964, uisikilize peke yake. Anautaja wimbo kwa jina, watu wanacheka. Piano inakwenda mbio, kwa furaha, mdundo wa maonyesho ya jukwaani ya Broadway. Anawaambia kwamba huu ni wimbo wa onyesho ambalo bado halijaandikwa, nao wanacheka tena. Ukumbi ule ulijaa Wazungu zaidi, watu wa heshima zao waliolipa viingilio. Anaendelea. Ubeti hadi ubeti maneno yanazidi kuwa makali na piano haibadiliki, inaruka vilevile kwa uchangamfu. Katikati anawauliza kama walidhani anatania. Kicheko hakirudi. Mtu asiyejimudu hawezi kazi ile. Alijua watacheka wapi, akawaacha wacheke, akajua pia watakoma wapi. Muziki ni wa sherehe na maneno ni ya msiba, na mtego wote umo kwenye kutokupatana kwao. Wimbo ulipigwa marufuku katika baadhi ya majimbo ya kusini, na kuna masanduku ya sahani za santuri yaliyorudishwa kwa kampuni, kila sahani imevunjwa vipande viwili. Mchekeshaji Dick Gregory anasema kwenye filamu kwamba wote walitaka kulisema hilo, yeye ndiye aliyelisema. Nadhani ndiyo sentensi nzuri kuliko zote zilizomo.

Machi 1965 aliimba Alabama mbele ya waandamanaji waliotoka Selma kwenda Montgomery. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King akauawa, na siku tatu baadaye Nina yuko jukwaani Westbury, New York, anaimba wimbo ambao mpiga besi wake Gene Taylor alikuwa ameuandika kwa ajili ya King, bendi ikiwa imejifunza palepale. Anaimba, anaacha, anazungumza na watu, anahesabu waliokufa, anarudi kwenye wimbo. Yule ni mtu aliyeelemewa na huzuni, tena huzuni iliyokuwa ya watu mamilioni.

Kama siasa ilimharibia kazi, jibu ni ndiyo, ilimharibia, lakini kwa njia ya soko: redio zilimkwepa na waandaaji wa maonyesho wakawa waangalifu. Hilo halihitaji ugonjwa wowote kulieleza. Mtazame Miriam Makeba, yule aliyeipeleka "Malaika" yetu duniani. Hakuna aliyemwita mgonjwa. Mwaka 1968 aliolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Black Power, na maonyesho na mikataba yake Marekani ikaanza kufutwa mmoja baada ya mwingine, mpaka wakahamia Guinea. Ni Makeba huyohuyo ambaye baadaye alimwita Nina aende Liberia.

Nije kwa mume, maana ndilo swali lako hasa.

Andrew Stroud alikuwa mpelelezi wa polisi wa New York. Walioana 1961, akaacha upolisi akawa meneja wake. Kabla ya ndoa, usiku mmoja, kwa wivu wa kijikaratasi alichopewa Nina na shabiki, alimpiga njia nzima hadi nyumbani, akamwekea bastola kichwani, akamfunga, akambaka. Hilo analisema Nina kwa kinywa chake. Filamu imejengwa juu ya sauti yake kwenye kanda za mahojiano, shajara zake na barua, na ukiangalia vizuri utaona mwandiko wake ukipita kwenye kioo: mistari mifupi kuhusu kipigo, uchovu, na kutaka kulala.

Stroud alifariki 2012, kabla filamu haijakamilika. Anachosema humo kilirekodiwa zamani, kwa hiyo Garbus hakupata nafasi ya kumkalisha kitini na kumbana. Ndiyo maana ule utulivu umekukera: hakuna anayemuuliza swali la pili. Mimi nisingemtoa. Alikuwepo nyumbani, alishika mahesabu, aliona siku za kwanza za maradhi. Ukimtoa, unabaki na mtu mwenye kivuli ambaye kila mtazamaji atamjaza anavyotaka, na watu wengi humjazia huruma. Heri aongee tumsikie. Kosa ninaloliona liko kwenye mpangilio. Mara kadhaa yeye ndiye anayepewa kazi ya kueleza maana ya siasa ya mkewe: kwamba alipotoshwa na watu wa msimamo mkali, kwamba aliacha njia ya pesa na umaarufu. Hayo si maelezo ya shahidi. Ni malalamiko ya meneja ambaye asilimia yake ilipungua. Ningemwachia aseme aliyoyaona kwa macho, na ufafanuzi wa siasa ningewapa waliokuwa na Nina kwenye siasa hiyo, kama Dick Gregory, au Attallah Shabazz, binti wa Malcolm X, ambaye familia yake ilikuwa jirani na ya Nina huko Mount Vernon.

Kumbuka pia kwamba binti, Lisa Simone Kelly, ni mmoja wa watayarishaji wakuu wa filamu hii, na Stroud ni baba yake. Sisemi kwamba alimlinda baba. Lisa hakumlinda hata mama yake. Lisa ndiye anayesimulia kwamba baada ya ndoa kuvunjika na kuhamia Liberia, aliyekuwa akipigwa akawa mpigaji, na aliyepigwa ni yeye Lisa, mpaka akiwa na miaka 14 akakimbilia kwa baba yake New York. Hapo kundi lako lisijaribu kulipima jambo kwa mizani ya nani mwema. Mtoto anayewazungumzia wazazi wote wawili waliomuumiza kwa namna tofauti ana haki ya kusema nusunusu. Nikimpima kila msemaji kwa alichokuwa nacho cha kupoteza, ni yeye ninayemwamini kuliko wote, pamoja na mpiga gitaa Al Schackman, aliyekuwa na Nina tangu 1957 na ambaye hana kesi ya kujitetea.

Na maradhi? Yapo, wala sitaki mtu aondoke na wazo kwamba nayakana. Stroud anasimulia ziara ya 1967 ambapo alimkuta akijipaka rangi ya viatu kichwani na kusema maneno yasiyoshikana. Shajara zinaonyesha siku za giza. Lakini tazama mazingira: mwanamke ana mtoto mdogo, halali vya kutosha, kalenda ya maonyesho haina pumziko, anayepanga kalenda ndiye anayempiga, na marafiki zake wanazikwa, Lorraine mwenyewe alikufa kwa saratani Januari 1965 akiwa na miaka 34. Ugonjwa wa namna hii huwa na mizizi yake mwilini, na mzigo huongeza makali yake. Anayetaka kuchagua sababu moja itabidi afute nusu ya filamu.

Aliondoka Marekani 1970 kwenda Barbados, akidaiwa kodi. Mwaka 1974 akaenda Liberia, miaka anayoizungumzia kwa furaha kubwa. Kisha Uswisi, Paris, Uholanzi. Paris alipiga katika vilabu vidogo kwa malipo ya kukidhi siku. Ni marafiki wa Uholanzi, akiwemo Gerrit de Bruin, waliompeleka kwa daktari mwishoni mwa miaka ya 1980, na hapo hatimaye ugonjwa ukapata jina: baipola, ule wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Dawa ilimrudisha jukwaani, na de Bruin anaeleza kwamba walionywa mapema: kwa muda mrefu dawa ileile ingeathiri mwendo wake, usemi wake, na vidole vyake kwenye piano. Sehemu hiyo ni fupi na ingestahili dakika zaidi kuliko malumbano ya ndoa, maana hapo ndipo maradhi na muziki vinakutana kwelikweli. Kumtuliza mtu kwa kitu kitakachomla vidole, na vidole ndio maisha yake: uamuzi wa aina hiyo familia nyingi zinaujua, hata zisizo na mwanamuziki.

Kwa hiyo kwenye ubishi wenu mimi siko upande wowote. Hasira ilianza utotoni na ilikuwa na akili timamu. Siasa ilikuwa ya kusomewa. Kipigo kilikuwa cha mtu mwenye jina. Maradhi yalikuja juu ya hayo yote, yakakaa miongo miwili bila tiba ya maana. Filamu imevikusanya hivyo vinne kwenye dakika zisizofika 110, na imeshika jina la swali aliloliuliza Maya Angelou kwenye makala ya 1970, yaani lililomtokea Miss Simone ni nini. Swali lenyewe linamsukuma mtazamaji atafute jambo moja.

Mkiitazama tena, nakushauri mfanye hivi. Anzeni na rekodi ya Carnegie Hall ya 1964, sauti tu, kabla ya kuwasha runinga. Kisha filamu. Kila Stroud anapotokea, mmoja wenu ataje kwa sauti anachokisema ni alichokiona au ni anachokifikiria. Mtashangaa jinsi viwili hivyo vinavyopokezana. Na kama mnaweza, tafuteni pia dokumentari nyingine ya mwaka huohuo wa 2015, ya Jeff L. Lieberman, inayompa nafasi mdogo wake wa kiume, Sam Waymon, ambaye naye alikuwa mwanamuziki na alifanya kazi na dada yake. Haina urembo wa ile ya Garbus wala haikupata kuteuliwa kuwania Oscar kama yenzake, ila inakaa zaidi kwenye muziki na kwao Tryon. Kama sebuleni kuna watoto, au kuna mtu ambaye nyumbani kwake mambo ya kipigo si hadithi, mwambieni mapema kwamba simulizi la ule usiku limo, na kwamba linasemwa wazi.